Jerikeni Kwanza, Vita Baadaye

Kila mwaka wanakuja. Gari linasimama chini ya mti, bango linafungwa ukutani, fulana zinagawiwa, katoni ya krayoni inafunguliwa. Watoto sitini wanakalishwa kwenye mikeka, kila mmoja na karatasi moja na vipande viwili vya rangi, na agizo ni lile lile: chora kilichokufanya ukimbie kwenu. Ikifika saa nane mchana soda zimekwisha, picha zimepigwa, michoro imekusanywa kwenye bahasha ya kaki, gari limeondoka. Hiyo ndiyo inayoitwa warsha ya sanaa hapa Kakuma. Mimi nafundisha kuchora kila Jumamosi, kwa rangi za pasteli, na nasema wazi: warsha hiyo haifundishi kuchora, na inatuchukulia kitu ambacho ni chetu. Iachwe, au ibadilishwe kabisa.

Wasomaji wa jarida hili ni wa aina mbili. Kuna sisi wa bloku, na kuna nyinyi wa vitambulisho shingoni. Nitasema na wote, na kila mmoja abebe mzigo wake.

Kuna msichana wa miaka 12 ambaye jina lake nalihifadhi, na jina la shirika nalihifadhi pia. Siku ya warsha alitaka kuchora birika la shangazi yake. Ni birika la bati lenye mdomo uliopinda, mojawapo ya vitu vichache walivyotoka navyo nyumbani. Akaambiwa kwa upole: zuri sana, lakini leo tunachora safari yetu. Akachora nyumba inayoungua. Mwezeshaji akainama, akaangalia, akasema: ongeza moto kidogo. Mtoto akaongeza moto. Miezi michache baadaye kijana mmoja wa bloku akaiona ile nyumba kwenye simu yake, ndani ya ripoti, na chini yake maneno mawili tu: mtoto mkimbizi. Jina alilokuwa ameliandika kwa penseli pembeni lilikuwa limekatwa. Hakuna aliyemwomba ruhusa, wala yeye wala shangazi. Na mdomo wa birika mpaka siku ile alikuwa bado hajui unachorwaje.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu mgeni anakuja, na anayepona ni mgeni. Anarudi na picha, anarudi na ripoti, anarudi na hadithi ya kuomba pesa za mwaka ujao. Mwenyeji anabaki na fulana.

Sasa niseme kuchora ni nini, maana tukigombana bila kujua tunachogombania tutapoteza muda.

Pasteli laini ni kitu rahisi sana. Ni vumbi la rangi lililochanganywa na chaki na gundi kidogo mno, kisha likaviringishwa kuwa kijiti. Gundi ni kidogo kiasi kwamba ukigusa karatasi tu, vumbi linabaki pale. Haina mafuta, haina maji, haingoji kukauka. Kwa sababu rangi iko wazi, haijafunikwa na nta wala mafuta, inang'aa kama vumbi la barabarani likipigwa na jua la jioni. Penseli ya pasteli ni ndugu yake mgumu zaidi, amevaa mti kama penseli ya kawaida. Huyo ni wa kazi ndogo: ukingo wa jicho, nywele, mkono wa kikombe. Kijiti kinajenga nyumba, penseli inafunga madirisha. Anayeanza na penseli anaishia kuchora madirisha yasiyo na nyumba.

Darasani kwangu somo la kwanza ni jerikeni la maji. Sisi tuliotoka Uvira tunaliita bidoni, lakini ni lile lile la njano ambalo kila mtoto hapa amelibeba. Naliweka juani asubuhi, saa mbili, kabla jua halijapanda na kufuta vivuli. Nawaambia wafumbe macho nusu, waangalie mpaka vitu vidogo vipotee na zibaki sehemu tatu tu: yenye giza, ya katikati, yenye mwanga. Wanachora umbo kwa makaa ya mathenge. Halafu wanalaza kijiti ubavu, hawashiki ncha, wanapaka sehemu ya giza kwanza, taratibu, bila kukandamiza. Kisha ya katikati. Mwanga unakuja mwisho kabisa, nao unapakwa mara moja na kuachwa. Ukikandamiza mapema, karatasi inajaa na haipokei tena, na kila unachoongeza kinakuwa tope.

Halafu nauliza swali moja: kivuli cha upande wa jerikeni kina rangi gani? Wote wanasema nyeusi. Nawaambia waangalie tena. Wanakaa kimya. Baadaye mmoja anasema: mwalimu, ni kama kahawia, lakini ina kijani ndani. Mwingine anasema: na hapa chini udongo umekuwa njano kidogo! Ni kweli, jua limegonga plastiki likarudi chini kwenye udongo. Mtoto akishaona hilo, amejifunza kutoamini alichoambiwa mpaka aangalie mwenyewe. Niambieni ni warsha gani ya siku moja imewahi kumpa mtoto kitu kama hicho.

Baada ya jerikeni ni ndoo, baada ya ndoo ni kandambili, baada ya kandambili ni birika. Uso wa mtu unakuja baada ya wiki nyingi, na hapo ndipo pasteli inapowaaibisha krayoni. Kwenye kiboksi cha krayoni 12 kuna kahawia moja. Mtoto anayetaka kumchora bibi yake anapaka hiyo kahawia, bibi anakuwa ukuta. Krayoni ni nta. Ukishapaka, rangi nyeupe haishiki juu ya nyeusi, inateleza. Kwa pasteli unaanza na zambarau iliyokolea kwenye shavu la kivulini, juu yake nyekundu ya tofali, juu yake njano ya udongo pale jua linapogusa, na kwenye paji la uso, mahali ambapo anga linaakisiwa, mguso mmoja wa buluu hafifu. Ngozi yetu ina rangi zote hizo. Watu wazima wamesimama nyuma ya watoto wao wakaguna kwa mshangao, kwa sababu hawakuwahi kuambiwa kwamba uso wao una buluu.

Najua majibu yatakayokuja. Niyachukue moja moja.

La kwanza: chakula kimepunguzwa, na wewe unaomba rangi? Jibu langu ni fupi. Sijaomba senti itolewe kwenye unga wa mtu. Naongelea pesa ambazo tayari zimeshatengwa kwa ajili ya kuchora na zinaishia kwenye bango, fulana, mafuta ya gari na soda. Bango la plastiki halimfundishi mtu. Likishatumika mara moja linakuwa paa la choo. Pesa hizo hizo zinatosha kununua pasteli nzuri za watoto kumi na kumlipa mwalimu posho kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo asinilaumu mtu kwa njaa. Njaa naijua, nasimama kwenye foleni ile ile.

La pili: pasteli ni rangi ya dunia nyingine, hapa kuna vumbi na upepo, zitavunjika. Ndugu zangu, pasteli yenyewe ni vumbi! Mahali gani panaifaa kuliko hapa? Kijiti kikivunjika kinachora vizuri zaidi, maana kipande kifupi ndicho kinacholala ubavu. Karatasi laini ya ofisini ndiyo haifai, vumbi linateleza na kuanguka. Inatakiwa karatasi inayokwaruza kidogo. Katoni iliyokatwa inafaa, na ile rangi yake ya kaki tayari ni sehemu ya katikati, unaongeza giza na mwanga tu. Msasa laini wa seremala, namba 400, unafaa kuliko karatasi nyingi za bei, ingawa unakula rangi haraka.

Na tukikosa kabisa, tunatengeneza. Twanga tofali lililovunjika, chekecha kwa kitambaa, changanya na chaki ya ubaoni iliyosagwa. Lowesha kwa maji yenye utomvu wa mgunga, lakini utomvu uwe kidogo sana, maana ukizidi kijiti kinakuwa jiwe na kinachana karatasi. Viringisha kama unga wa chapati, anika kivulini siku mbili ili kisipasuke. Hapo una nyekundu. Makaa yanakupa nyeusi, chaki inakupa nyeupe, udongo wa ukingo wa Tarach unakupa kahawia. Buluu na kijani ndizo zinatushinda, hizo lazima zinunuliwe. Funga kitambaa puani unapotwanga, na karatasi usiipulize kwa mdomo. Isimamishe wima, igonge kwa nyuma, vumbi lianguke chini. Nawa mikono kabla ya kula, na soma kiboksi cha rangi za dukani, kwa sababu baadhi zina madini yenye sumu kama kadmiamu. Anayesema pasteli haiwezekani hapa hajawahi kujaribu.

La tatu ndilo linalosemwa kwa sauti ya huruma: kuchora vita kunamponya mtoto. Mimi si daktari wa akili na sitajifanya mmoja. Kama kuna mshauri aliyesomea kazi hiyo, anayekaa na mtoto mmoja mlango ukiwa umefungwa, anayerudi wiki ijayo na wiki inayofuata, na karatasi haitoki chumbani, huyo afanye kazi yake na Mungu ambariki. Lakini watoto sitini kwenye mkeka, kamera mbele yao, na gari linalowasha injini saa nane? Unamfungua mtoto kidonda asubuhi, mchana umeshaondoka. Usiku nani analala naye? Ni shangazi, ambaye hakuulizwa.

Nitatoa mfano wa mtu aliyefundisha mahali pabaya kuliko hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi waliwafungia Wayahudi katika mji wa Terezín, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1942 alipelekwa huko mchoraji Friedl Dicker-Brandeis, mwanamke aliyesoma kwenye shule mashuhuri ya Bauhaus nchini Ujerumani. Katika mzigo mdogo alioruhusiwa kubeba, alitia vifaa vya kuchorea. Kule akawafundisha mamia ya watoto, kwa siri na kwa karatasi za kuokota. Aliwafundisha nini? Mistari, umbo, rangi, jinsi ya kupanga vitu kwenye karatasi, jinsi ya kutazama maua kwenye chupa, jinsi ya kujifunza kutoka kwa michoro ya mabingwa. Hakuwaamuru wachore mateso yao. Aliyetaka kuyachora aliyachora. Na aliwataka watie majina yao kwenye kazi zao, katika mahali ambapo watu walikuwa wamegeuzwa namba. Mwaka 1944, kabla ya kupelekwa Auschwitz alikouawa, aliacha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500. Wengi wa watoto wale waliuawa pia. Majina yao yanasomeka mpaka leo.

Silinganishi kambi yetu na ile. Hapa hakuna anayetupeleka kuuawa, na ingekuwa dhambi kusema hivyo. Nalinganisha walimu. Yule mama hakuwa na bajeti, hakuwa na gari, hakuwa na soda, na bado alimpa kila mtoto vitu viwili: ujuzi na jina lake. Sisi tuna mashirika, tuna magari, na tunawapa watoto krayoni mbili na kuwakata majina. Kwa nini?

Kuna na la nne, hili linatoka kwetu sisi wenyewe: pasteli ni mambo ya Wazungu matajiri. Kweli, zamani zilichora wafalme. Rosalba Carriera wa Venice alikwenda Paris mwaka 1720 akamchora Louis wa 15 akiwa bado mtoto. Maurice Quentin de La Tour alimchora Madame de Pompadour, kipenzi wa mfalme huyo huyo, na picha hiyo ya mwaka 1755 iko Louvre. Lakini huyo La Tour, mchoraji wa wakubwa, alipozeeka alifanya nini na pesa zao? Mwaka 1782 alianzisha shule ya kuchora katika mji wake wa Saint-Quentin, shule ya bure, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipa. Alijua kwamba fundi anayejua kuchora ni fundi bora, awe seremala au mfumaji. Miaka zaidi ya 240 imepita na sisi bado tunabishana kama mtoto wa maskini anastahili kufundishwa kuchora vizuri.

Sasa niwageukie wa nyumbani, maana msifikiri nitawaacha.

Wazazi, mnaposema kuchora ni mchezo wa watoto, mnawasaidia hao hao wanaotuletea krayoni mbili. Mtu akidharau kazi, haulizi inafanywaje. Angalieni vibao vya maduka hapa sokoni, kinyozi, duka la simu, hoteli ya chapati. Nani amevichora? Ni vijana wetu, na wamelipwa. Aliyenifundisha mimi kushika pasteli alikuwa mzee mmoja Mrundi, mchora vibao, aliyekuwa akinipiga kidole kila nilipokandamiza kijiti. Alikuwa fundi, na watoto wake walikula kwa mikono yake.

Na nyinyi vijana wenzangu wachoraji, jamani, tuambiane ukweli. Kuna wengine wetu tumeshajua kwamba machozi yanauzika. Mgeni akija tunatoa picha ya mama analia, mtoto nyuma ya waya, mkono ulionyooshwa kuomba. Tunachora hivyo kwa sababu mgeni ananunua hivyo. Simlaumu mwenye njaa. Lakini tazameni ile mikono: yote inafanana, vidole kama ndizi, kwa sababu hakuna aliyekaa kuangalia mkono wa kweli. Siku mgeni atakapochoka na machozi, na atachoka, tutabaki na nini? Anayejua kuchora mkono atachora mkono unaoomba, unaosonga ugali, unaosuka nywele, unaotia sahihi. Anayejua machozi tu atabaki nayo.

Mtu asije akasema nimekataza vita visichorwe. Mimi nimechora yangu, iko chini ya godoro, na aliyeiona ni mke wangu peke yake. Siku yule msichana atakapotaka kuchora nyumba yao, na aichore. Lakini awe anajua moto una rangi gani kweli, awe anajua moshi unashikaje mwanga, na iwe ni yeye aliyeamua, na siku hiyo iwe yake. Ufundi ndio unaompa mtu uhuru wa kusema au kunyamaza. Asiye na ufundi anasemewa.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na nayaandika wazi ili yakatwe na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi yoyote.

Moja: acheni warsha za siku moja. Kama pesa ni kidogo, leteni watoto kumi kwa miezi mitatu. Sitini kwa asubuhi moja ni namba ya ripoti tu.

Mbili: vifaa vibaki kambini. Kiboksi cha pasteli kinachofungiwa stoo na kutolewa wageni wakija hakijawahi kumfundisha mtu. Kikae kwa mwalimu, na penseli za pasteli zifuate baadaye, baada ya vijiti.

Tatu: mwalimu atoke miongoni mwetu na alipwe kama mwalimu wa somo lolote. Wachoraji wapo, Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini, Wasomali. Ulizeni kwenye vibao vya maduka.

Nne: mchoro ni wa aliyeuchora. Unabaki kwake. Ukitaka picha yake, muombe yeye na mlezi wake, waeleze unakwenda wapi, na jina liende nao kama wanataka liende. Wakikataa, wamekataa. Usiulize mara ya pili.

Mfanyakazi wa shirika anayesoma hapa na kuona kwamba nimemsema vibaya, mlango uko wazi. Tunakutana Jumamosi saa mbili asubuhi. Njoo bila kamera, njoo na nguo usizoogopa kuchafua, na uje na kitu kimoja kutoka mezani kwako, kikombe au funguo. Utapewa kipande cha katoni na vijiti vitatu. Watoto watakuonyesha jinsi ya kufumba macho nusu. Tukimaliza, mchoro wako utaondoka nao wewe mwenyewe, na jina lako juu yake.